Magoti Yaliyotiwa Dhahabu

Sifa ya ushujaa ilimpata Muharami kwa sababu ya magoti yake, na mwenyewe hakuwa na habari nayo mpaka alipoisikia sokoni.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliyeshona kwenye kibaraza cha duka la Narendra, mtaa wa Wahindi, Bukoba mjini. Watu wa chama kipya cha kudai uhuru walipopita kuuza kadi alinunua moja, kwa kuwa muuzaji alikuwa amesimama akiwazibia wateja njia. Kama Bukoba nzima palikuwa na mtu aliyekaa mbali na siasa, ni yeye. Siasa yake ilikuwa vidole. Kila asubuhi aliamka navyo vimevimba na kukakamaa, kama mtu kaviazima usiku akavirudisha vibovu. Magoti nayo, la kulia na la kushoto, yalijaa maji na kuwaka moto ndani. Jua likishapanda ndipo viungo vilipoanza kulegea, naye akaanza kukanyaga cherehani polepole, ameuma meno. Watu waliuita ugonjwa huo baridi yabisi, wakamshauri avae soksi.

Asubuhi moja Mwami Bartholomayo akapita mtaani.

Huyu alikuwa mkuu wa gombolola, yaani tarafa, mtu wa ukoo wa kilangira, ukoo wa watawala, mfupi, mpana, na kichwani alivaa kofia ya jua ya Kizungu hata siku za mawingu. Desturi ya Buhaya ilikuwa wazi: mlangira akipita, mtu wa kawaida hushuka magotini, hupiga makofi mawili matatu ya adabu, husema, "Kasinge waitu." Waingereza walipofika waliipenda mno desturi hii, maana haikuwagharimu hata senti. Wananchi walimpigia Mwami magoti, Mwami alisimama wima mbele ya Bwana DC, na Bwana DC alikaa kitini akanywa chai. Hiyo ndiyo ilikuwa serikali yote, na aliyetaka kuielewa zaidi ya hapo alipoteza wakati wake.

Basi mtaa mzima ukashuka. Wauza samaki walishuka, wapagazi wa kahawa walishuka na magunia yao. Hata Narendra, ambaye desturi ile haikumhusu, aliinama kidogo mlangoni kwa usalama wa biashara. Muharami peke yake akabaki wima. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka kwenye kigoda afuate kitambaa, na viungo vikamkatalia hapo hapo: kushuka hawezi, kukaa hawezi. Alisimama na mkasi mkononi, uso ameukunja kwa maumivu, na uso uliokunjwa kwa maumivu ukiutazama kwa mbali ni dharau tupu.

"Wewe fundi," Mwami akasema. "Huoni nani anapita?"

"Namwona Mwami."

"Na magoti?"

"Magoti nayo yanakuona, Mwami," Muharami akajibu, akisema ukweli mtupu, "ila hayashuki."

Nyuma ya magunia alikuwapo kijana aitwaye Yunus, karani wa chama cha ushirika na msemaji wa chama kipya, kijana mwenye sauti nzuri na nia ya kuitumia. Akapaza sauti: "Hayashuki! Mmesikia, ndugu zangu? Hayashuki!"

Alipaza sauti hiyo akiwa amepiga magoti barabara vumbini. Hakuna aliyeliona hilo. Kabla ya adhuhuri neno "hayashuki" lilikuwa limefika sokoni na gatini, na wavulana walikwisha kulitungia wimbo.

Mwami alisogea karibu. Alikuwa mjanja, hakupiga kelele. "Ndizi unazokula kule njia ya Kashozi, fundi, ni za kibanja cha nani?"

"Alikilima baba yangu, Mwami. Amezikwa humo humo."

"Kimo ndani ya nyarubanja yangu, ardhi ya walangira. Baba yako alikuwa mpangaji wangu, na wewe ni mpangaji wangu. Nikitaka, kesho analala humo mtu mwingine." Akaipanga vizuri kofia yake. "Msimu wa kahawa ukiisha tunafungua jengo jipya la baraza. Bwana DC atakuwepo. Siku hiyo utanipigia magoti mbele ya watu wote, au migomba hiyo uiage."

"Mwami, mimi ni mgonjwa. Tazama." Akapandisha kanzu.

Mwami akatazama. Magoti yalikuwa yamevimba kama maboga, hata mjinga angeona. Hapo ndipo Mwami alipokwama yeye. Akimwadhibu mgonjwa, watu watasema anapiga vilema. Akimsamehe, wimbo wa wavulana utaendelea. Akawaza kidogo, kisha uso wake ukang'aa.

"Basi utaponywa," akasema. "Serikali haishindwi na goti."

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mtu wa kwanza katika gombolola lile kutibiwa kwa gharama za Mwami alitibiwa ili aweze kupiga magoti.

*

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, upande wa Muleba, juu ya kilima chenye ukungu. Muharami alifika kwa lori lililorudi kusini tupu baada ya kushusha kahawa mjini. Daktari alikuwa mtawa wa Kizungu, Sista Klaudia, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa ya mkulima na Kiswahili cha kitabuni. Alimbonyeza kila kidole, akamkunja na kumkunjua, akamtoa damu na maji ya gotini, akaenda navyo kwenye darubini. Aliporudi alivuta kiti.

"Muharami, baridi haihusiki kabisa. Unajua kilichomo ndani ya damu yako?"

"Damu, Sista."

"Mna chembe nyeupe. Hizo ni walinzi. Kijidudu kikiingia kwenye kidonda, wao hukimbilia pale, wanakikamata, wanakimeza. Usaha unaouona ni maiti za vita hiyo. Bila wao tungekufa sote utotoni."

"Ni askari, basi."

"Sema askari. Sasa, askari wako wamekosea. Wameingia ndani ya viungo vyako ambamo hamna mwizi yeyote, wanapiga walichokikuta. Wanakula ngozi laini inayofunika mfupa. Wakishachoka wanaita wenzao, na wenzao wanakuja na hasira mpya. Ndiyo maana panavimba, ndiyo maana pana moto."

Muharami alifikiri. "Kwa hiyo wanaonipiga ni wa kwangu mwenyewe."

"Wa kwako mwenyewe."

"Na wanakula kwangu."

"Kila siku."

"Sista," Muharami akasema, "hao nawafahamu. Wa kwetu huvaa kaptula za kaki, huja kutafuta mdudu fukusi kwenye migomba. Fukusi hawamwoni, lakini mwenye kibanja anapigwa, na jogoo anaondoka nao."

Sista hakucheka. Aliandaa bomba la sindano. Ndani ya kichupa mlikuwa na maji ya rangi ya manjano, mepesi kama chai ya maskini.

"Hii ni dhahabu," akasema.

"Dhahabu gani?"

"Dhahabu. Ile ile ya pete, ila imegeuzwa chumvi ikayeyuka. Inaingia ndani ya hao walaji, inakaa matumboni mwao. Wakishaibeba wanakuwa wazito, hawali ovyo, hawaiti wenzao kwa fujo kama zamani. Hivyo ndivyo wanavyodhani walimu wetu. Kwa hakika hasa, hatujui yote. Tunajua kwamba baadhi ya wagonjwa hupona, na wengine dawa huwadhuru figo. Kwa hiyo kila wiki utachomwa, na kila wiki nitapima mkojo wako kwanza. Usitarajie kitu upesi. Dhahabu haina haraka."

"Askari wakishakula dhahabu wananyamaza?"

"Wengi hunyamaza."

"Basi hilo nalo nimeliona," Muharami akasema, akageuka, akainamisha upande uliotakiwa.

*

Siri ya hospitali haikai hata kwenye lori. Kabla fundi hajafika nyumbani Bukoba yote ilijua kwamba Muharami ametiwa dhahabu.

"Wapi?" mkewe Shamsa akauliza, mikono kiunoni.

"Kwenye kalio."

"Kalio gani?"

"La kulia. Wiki ijayo la kushoto."

"Baba Sada, tangu unioe sijavaa hata kipini cha dhahabu. Leo wewe umeikalia."

Narendra naye alimpokea asubuhi kwa kumzunguka mara mbili. "Fundi, sasa wewe sonara inayotembea. Usilale hapa kibarazani, wezi watabeba mtu mzima mzima." Lakini siku hiyo hiyo alimletea mto wa kukalia, na Muharami hakujua kama ni huruma kwake au heshima kwa madini.

Utani ulikuwa wa kuvumilika. Kisichovumilika ni ziara ya Yunus. Alikuja nyumbani jioni, suruali imepigwa pasi, akakaribishwa kahawa za kutafuna kama ilivyo adabu, akatafuna moja, akakohoa kama mwenye ujumbe mzito.

"Kaka Muharami, nimetumwa na vijana. Tunakuomba uache hizo sindano."

"Niache?"

"Mpaka baraza lifunguliwe. Fikiria mwenyewe: wewe ndiye mtu pekee Bukoba asiyepiga magoti. Jina lako limefika Muleba. Sasa Mwami anakuponya kusudi ushuke. Ukipona, tumekwisha. Chama kinayahitaji magoti yako yakiwa vile vile."

"Yanauma, Yunus."

"Najua yanauma."

"Hujui. Jana nimeshindwa kufunga vifungo vya shati langu, mimi ninayeshona vifungo. Mwaka wa pili huu naswali juu ya kigoda kama kizee."

"Maumivu ni ya mtu mmoja," Yunus akasema, na sauti ikaanza kupanda kama yuko jukwaani, "heshima ni ya nchi nzima!"

Shamsa alikuwa akimenya ndizi pembeni. Hakuinua uso. "Shemeji Yunus, magoti unayo mawili na yote mazima. Njoo hapa niyatie mchi mara moja tu. Utakuwa na ya kwako ya kuitumikia nchi, na ya mume wangu utaniachia mimi."

Yunus akaangalia kisu, akaangalia ndizi, akaona amechelewa mkutano.

Muharami alicheka kidogo, lakini usiku ule alijigeuza sana kitandani. Kwa mara ya kwanza aliliona jambo lilivyo. Mwami anayataka magoti yake yapone ili yashuke. Yunus anayataka yaugue ili yasishuke. Na wote wawili, mkubwa na mpinzani wake, hakuna aliyemwuliza mwenye magoti anataka kuyafanyia nini. Hasira ikampanda kifuani, hasira changa asiyoijua, na ugonjwa haukuwamo.

*

Dhahabu haikuwa na haraka, kama Sista alivyosema. Mwezi wa kwanza haukubadilisha kitu. Wa pili ulimletea vidonda mdomoni, na sindano ya cherehani ilipomchoma kidole gumba, kidonda ambacho zamani kingekuwa cha siku mbili kilivimba usaha na kugoma kufunga. Alhamisi iliyofuata akakipeleka Muleba.

"Ndiyo bei yake," Sista Klaudia akasema akikisafisha. "Tumewatuliza askari, na kutulizwa hakuchagui. Mwizi wa kweli akija nao wanasinzia. Wiki hii hakuna sindano, tuwaache waamke kidogo."

"Hakuna dawa ya kuwanyamazisha wanaonipiga, na kuwaacha macho wanaonilinda?"

"Nikiwa na dawa hiyo, Muharami, wataniita mbinguni nikaifundishe."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa Mwami Bartholomayo, kofia kichwani, tarishi wake nyuma amebeba fimbo. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshuka magotini huko nje, wenye majipu na wenye mimba, na Mwami akapita juu yake kama anayepita juu ya nyasi.

"Sista, nimekuja kuchomwa dhahabu."

"Unaumwa nini?"

"Hilo utaniambia wewe. Mimi ni mlangira. Haiwezekani fundi cherehani akawa na dhahabu mwilini na mimi nikawa na damu peke yake. Watu wanasema."

Sista alimketisha, kwa kuwa alikuwa mtawa na mwenye subira. Akambonyeza vidole, akamkunja, akamkunjua, akaenda kwenye darubini na tone la damu. Muharami, aliyesahaulika kwenye kona yake na kidole chenye bandeji, alitulia tuli.

"Wewe ni mzima," Sista akasema. "Umenenepa tu. Dawa hii ni sumu kwa asiyeihitaji. Ni ya watu ambao askari wao wanawapiga watu wa nyumbani."

Mwami akakunjua uso, akafurahi. "Basi ni yangu hasa! Wangu hao huwapiga kila siku. Mwulize huyu." Akamwonyesha tarishi kwa kidole.

Tarishi akapiga saluti. "Kila siku, Sista."

Mtawa alimtazama Mwami, akamtazama tarishi, akafunika darubini yake kwa kitambaa. "Hao," akasema polepole, "sindano yao sinayo."

Mwami aliondoka amenuna, akatangaza njiani kwamba dhahabu ya misheni ni ya daraja la chini.

Kidonda kikafunga. Sindano zikaanza tena, kwa kipimo kidogo zaidi. Na mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele, asubuhi moja Muharami alifunga vifungo vya shati lake vyote na kufika shingoni kabla hajang'amua anachofanya. Alivifungua. Akavifunga tena. Akashuka kitandani, akajaribu, taratibu, kama anayejaribu barafu asiyowahi kuiona. Magoti yakapinda. Yalilia kama mlango wa zamani, lakini yakapinda, na paji la uso wake likagusa mkeka. Alikaa pale chini kwa muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Shamsa aliyemkuta hivyo alirudi nyuma kimya, akaenda kulia jikoni, kisha akarudi kumwambia chai inapoa.

Kwa hiyo alikuwa amepona kiasi cha kutosha, na msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha.

*

Siku ya kufungua baraza jua liliwaka mapema juu ya ziwa. Jengo lilikuwa jeupe, limeezekwa bati, na mbele yake palipangwa viti viwili: kimoja cha mto, cha Bwana DC, na kimoja kisicho na mto, cha Mwami. Watu walijaa uwanja mzima. Wanachama wa Yunus walijipanga nyuma, vifua mbele, wakingoja shujaa wao asishuke. Matarishi walijipanga pembeni wakingoja ashuke. Muharami walimweka mstari wa mbele kama bidhaa kwenye dirisha la duka, karibu na kizee mmoja aitwaye Alistidia aliyekuja na kikapu cha kahawa za kutafuna kwa ajili ya wakubwa.

Ngoma ikapigwa. Mwami akatokea na joho lake. Uwanja wote ukashuka kama mgomba uliokatwa, makofi yakalia, sauti ikapanda: "Kasinge waitu!"

Muharami akabaki wima.

Alishangaa mwenyewe jinsi ilivyokuwa vigumu. Zamani alisimama kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na hilo halikumdai chochote. Leo magoti yalikuwa mepesi, tayari, yakitaka kushuka pamoja na ya wenzake, na ilibidi ayashike kwa nguvu zake zote. Alikifikiria kibanja. Aliliona kaburi la baba yake katikati ya migomba, na mtu mwingine akianika kahawa juu yake.

Mwami akainama kidogo, tabasamu limeganda. "Fundi. Sindano zimekwisha nguvu?"

"Hazijaisha, Mwami," Muharami akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Magoti yamepona. Ni mimi nisiyeshuka."

Bwana DC akageuza shingo nyekundu. "Anasema nini?"

Karani wa Mwami, kijana aliyependa kazi yake, alitafsiri: "Bwana, anasema magoti yake bado mabovu sana. Anaomba radhi."

"Maskini," akasema DC, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa akisikia. "Mpeni kiti."

Kiti kikaletwa. Mwami akapumua. Karani akapumua. Kule nyuma Yunus naye alitabasamu, maana shujaa aliyeketi mbele ya Mwami ni hotuba ya mwaka mzima. Muharami akakitazama kiti kile, akaona kilivyowafaa watu wote. Akikaa tu, kibanja chake kimebaki. Anachotakiwa ni kuendelea kuwa mgonjwa. Mwami atakuwa na mgonjwa wake, chama kitakuwa na kilema chake, Mwingereza atakuwa na maskini wake wa kumhurumia, na yeye atakuwa hana hata magoti yaliyomgharimu vidonda vya mdomo na safari za lori.

"Sikitaki," akasema. "Mimi ni mzima."

"Anasema anashukuru," karani akatafsiri.

Muharami akaona kwamba maneno hayatafika. Atathibitishaje kwamba magoti yanapinda? Kwa kuyapinda. Na akiyapinda hapa, mbele ya joho lile, atakuwa ameshuka. Nusura acheke: amefungwa pande zote mbili, apinde asipinde. Kisha akageuka.

Akampa Mwami mgongo. Akawaelekea watu waliojaa uwanjani, wauza samaki, wapagazi, wake za watu, vizee, wote wamepiga magoti vumbini wakimtazama kwa chini. Akanyoosha kanzu yake. Akashuka, goti moja kisha la pili, bila kushika kitu, kama kijana. Akapiga makofi matatu ya adabu, akawaambia:

"Kasinge waitu."

Hakuna aliyejua la kujibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kusalimiwa hivyo tangu azaliwe. Watu walitazamana kutafuta huyo mlangira aliyekaa kati yao. Ndipo kizee Alistidia, akiwa na kikapu chake mapajani, akainua uso, akafumba macho nusu, akatikisa kidevu kidogo tu, kwa uvivu, vile vile kama wanavyoitika walangira.

Kicheko kikaanzia mstari wa mbele, kikaenda nyuma kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, na aliyekwisha kukaa hawezi tena kuhesabiwa kuwa amepiga magoti.

"Hii ni desturi?" DC akauliza, amependezwa. "Mgonjwa aliyepona kuwashukuru watu?"

Mwami alitazama kulia, akatazama kushoto. Akisema ni uasi, itabidi aeleze kwa nini watu wake wote wanaufurahia. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Ndiyo, Bwana," akasema. "Nimeagiza mimi."

"Vizuri sana! Unyenyekevu wa namna hii ni nadra." DC akasimama akampa mkono, na picha ikapigwa.

*

Yunus alimkuta Muharami njiani kurudi mjini, mishipa ya shingo imemsimama.

"Umepiga magoti!"

"Nimepiga."

"Mbele ya Mwami na Mzungu!"

"Mbele yako, Yunus. Nimekusalimia, hukuitika."

Yunus akavuka barabara, akaenda zake.

Matarishi walifika kibanjani wiki iliyofuata kuja kuweka mipaka ya kumtoa. Walipima mstari mmoja, wakaitwa warudi. Mwami alikuwa amekumbuka kwamba salamu ile ni agizo lake mwenyewe, DC amekwisha kuisifu kwa wakubwa wake, na mtu hafukuzwi shambani kwa kutii. Kibanja kikabaki na Muharami, na hakuna aliyemshukuru yeyote.

Lakini salamu ilikuwa imekwisha kutoroka. Wanawake waliamkiana kwayo kisimani: "Kasinge waitu, mama Fulani!" na mwenzake anatikisa kidevu. Wapagazi waliamkiana gatini. Wauza samaki waliwaamkia wateja wabahili. Mwami akipita sokoni alisikia "kasinge" kulia na kushoto, akigeuka kuitikia anakuta imepewa mtu mwenye tenga la dagaa. Mwezi haukuisha, akatoa amri: salamu hiyo isisikike tena popote katika gombolola lake, na atakayeisema atalala ndani.

Watu walitii. Haijapata kuonekana amri iliyotiiwa namna ile. Mwami alipopita mtaa wa Wahindi asubuhi ya siku ya pili, hakuna aliyeisema, hata mmoja, hata kwake. Na bila neno lake kupiga magoti kulionekana upuuzi, mtu kushuka kimya kimya chini kama anayetafuta sindano iliyomwanguka. Kwa hiyo watu walibaki wamesimama, hawajui wafanye nini na mikono yao, naye akasimama katikati yao akingoja.

Muharami aliinuka kwenye kigoda chake, akaweka mkasi chini.

"Habari za asubuhi, Mwami," akasema. "Unajisikiaje leo?"